Propela na Miguu ya Nthiga

Jumatatu, 7 Oktoba. Ishiara

Landrova imeanza tena. Nikifika kasi ya sitini inatetemeka kuanzia chini ya kiti hadi kwenye meno yangu, nikipita themanini inatulia, nikiachia mafuta inaunguruma. Nikitia gia ya kurudi nyuma inalia tak! Wanaume wa hapa stendi wameniuliza kama nimebeba posho mill ya kusaga mahindi. Nimebeba viazi vya Timau, kama kila wiki, na wenye hoteli wa Ishiara hawataki kujua habari za mtetemo. Wanataka viazi.

Kesho naipeleka Karurumo kwa Nthiga. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kugusa gari hili tangu marehemu mume wangu aliponiachia. Mvua bado. Jioni mawingu huja upande wa mlima Kiang'ombe, yanatuchungulia, yanarudi yalikotoka.

Jumanne, 8 Oktoba

Nthiga alijilaza chini ya gari, akaishika propela, akaizungusha huku na huku kwa mkono. "Krosi ya nyuma imeisha," akasema.

Nilipoolewa sikujua propela ni nini. Siku hizi naweza kumfundisha hata askofu: ni lile bomba refu linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Landrova ina mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila ncha ina krosi, chuma chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu kujikunja gari likiruka mashimo. Krosi ikikosa grisi inalika, na mtu mzima anatetemeka barabarani kama mwenye malaria.

Aliweka mpya. Halafu akafanya ile desturi yake iliyomletea wateja kutoka Runyenjes hadi Siakago. Alivua viatu na soksi, akatoa kapeti, akakaa kiti cha abiria na kukanyaga bati tupu, mimi nikiendesha. Mafundi wengine hutega sikio, Nthiga husikiliza kwa nyayo. Hufumba macho, husogeza mguu hapa na pale, kisha hutamka: ni ya mbele, ni ya nyuma, ni tairi tu. Sijawahi kumwona akikosea.

Leo hakufumba macho. Alitazama kioo cha pembeni njia nzima.

"Imeisha," akasema.

"Mbona mimi bado nasikia?"

"Hiyo ni hofu yako. Krosi mpya lazima izoee."

Alhamisi, 10 Oktoba

Haijazoea.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua imefika kwa fujo. Kila mtu yuko shambani anapanda ndengu, hata mwenye bucha amefunga. Nilipanda kile kipande changu asubuhi, mchana nikampigia Nthiga simu.

"Wanjira, si nilikuambia usiongeze springi? Uliinua gari juu, sasa propela imesimama kama ngazi. Hiyo pembe ndiyo inakula krosi."

Ni kweli niliongeza springi mwaka jana ili nipakie magunia zaidi, na sikumuuliza. Lakini baada ya hapo gari limekwenda mwaka mzima bila kutetemeka. Nilimwambia hivyo. Akasema mtandao unapotea, na mtandao haukuwa umepotea.

Ameanza kuwa mvivu. Naandika nilivyoona.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya kanisa nilikula kwa Nthiga. Lydiah mkewe alipika githeri na kuku. Nthiga alitia sukari kwenye chai, Lydiah akamnyang'anya kijiko. Ana ugonjwa wa sukari tangu mwaka juzi, na vidonge anameza anapokumbuka.

Alitoka chooni na ndala moja mguuni. Nyingine ilibaki kwenye tope huko nyuma na yeye hana habari. Tulimcheka sana, na yeye akacheka kutushinda.

Alhamisi, 24 Oktoba. Meru

Nimevumilia mpaka leo. Nikiwa na mzigo, kwenye ule mteremko wa mashamba ya ngano, gari lilitetemeka hadi kioo cha ndani kikadondoka. Niliingia kwa fundi mmoja wa Timau anaitwa Gikunda, kijana mpole mwenye koti zito kama watu wote wa baridi ile. Alitoa propela ya nyuma, akaifungua krosi juu ya gazeti.

"Mathe, hii kazi ni ya nani?"

"Ni ya fundi."

"Ya fundi?" Akanionyesha. Ndani ya vikombe vya krosi husimama vijichuma vyembamba kama sindano, vimepangwa kuzunguka ukuta. Katika kikombe kimoja, sindano moja ilikuwa imelala chini, imepondwa. "Hii unaisikia na kidole ukiwa unaweka. Huwezi kosa kuisikia."

Kulikuwa na jingine. Propela ina vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, na masikio yanayoshika krosi kwenye ncha zote mbili lazima yatazamane sawasawa. Yetu hayakutazamana. Iliunganishwa ikapita jino moja.

Gikunda alirekebisha. Nimeshuka Timau hadi Meru bila mtetemo hata kidogo, na nimelia njia yote kwa hasira.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nilisimama katikati ya gereji ya Nthiga, wateja wakisikia, nikamwonyesha ile sindano iliyopondwa. Nilimwambia kazi yake ni ya mlevi. Nthiga hajawahi kuonja pombe, na wote waliokuwa pale wanajua. Nilisema hata hivyo.

Aliichukua ile sindano, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kwa muda mrefu, akaniwekea mkononi tena. "Umepata fundi," akasema. "Ni sawa."

Nilidhani ni kiburi.

Jumatano, 30 Oktoba

Nthiga hashiki simu. Mvua. Ndengu zimeota.

Jumatatu, 4 Novemba

Leo sokoni nimesikia mwanamume akimwambia mwenzake, "Usipeleke Karurumo, yule fundi aliharibika mkono, hata dada yake alimkimbia." Yalitoka kinywani mwangu hayo maneno, na yanatembea kwa kasi kuliko gari langu. Nilijifanya ninapanga viazi.

Jumamosi, 9 Novemba

Lydiah amekuja Ishiara kwenye mvua, bila mwavuli.

"Mama Ruguru, enda uongee na yeye. Anakaa hapo gereji na hakuna gari. Anapanga spana, anapangua."

"Yeye ndiye hashiki simu yangu."

"Wewe ndiye mkubwa."

Hakukubali hata chai. Nimekosa raha tangu alipotoka.

Jumanne, 12 Novemba. Karurumo

Propela ya mbele imeanza kulia chwi chwi chwi nikienda polepole, na pembeni mwa krosi kuna vumbi jekundu la kutu. Safari hii nilifurahi kuharibikiwa. Nimepata sababu ya kwenda, nikaenda.

Tulisalimiana kama watu wa ofisi. Alifanya kazi asubuhi yote. Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikimwangalia, na nilichokiona sikukielewa: kila sindano aliyoipanga kikombeni aliiinamia na kuiangalia kwa tochi, yeye aliyekuwa akipanga vitu hivyo huku akipiga hadithi na watu. Ilipofika mchana akasema tuijaribu. Akavua viatu, akatoa kapeti.

Tulipanda barabara ya Runyenjes. Nthiga alisogeza miguu hapa na pale kama zamani. Macho yalikuwa kwenye kioo. Akasogeza tena, akasogeza, akaukandamiza mguu wa kushoto mbele kabisa, karibu na ukuta wa injini. Pale chini ndipo bomba la moshi linapopita. Bati la kuzuia joto lilianguka kitambo na hatukulirudisha, kwa hiyo abiria wote wa gari hili wanajua kukaa miguu imekunjwa. Mimi mwenyewe pale paliwahi kuniyeyushia soli.

Nilisikia harufu. Kwanza nilifikiri tunapita mahali wanachoma nyama. Nikatazama nje, hakuna kibanda, ni mashamba ya kahawa tu. Nikatazama chini.

"Nthiga! Toa mguu!"

"Kwa nini?"

Sitasahau hilo swali. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mguu wake ukiwa unaungua.

Nilisimamisha gari vibaya, nusu mtaroni, nikauvuta mguu kwa mikono miwili. Ngozi ya unyayo ilibaki kwenye bati. Yeye aliuangalia kama anaangalia kitu cha mtu mwingine. Nilikuwa napiga kelele na yeye ndiye aliyenituliza.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka jana. Ilianza na vidole. Nilikuwa nahisi ni kama nimevaa soksi. Navua soksi, bado nahisi nimevaa soksi."

"Na mikono?"

Akanionyesha ncha za vidole. "Hizi zilifuata. Kama mwezi wa nane."

"Nthiga, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mimi ni fundi na sisikii gari? Nilikuwa naangalia kioo. Kioo kikicheza, najua bado. Lakini mtetemo wa gari yako ulikuwa mdogo, kioo haikuonyesha."

"Na hapo pa moto uliweka mguu kwa nini?"

Lori lilipita, likatumwagia maji.

"Nilikuwa natafuta mahali naweza sikia," akasema.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mlevi. Mtu alikuwa akipapasa sindano asiyoihisi, akiomba Mungu zote ziwe zimesimama, na mimi nikamletea ile moja iliyolala mbele ya watu wote. Nimeandika hapa juu kwamba ni mvivu. Sitafuta, lakini naona aibu kupita kiasi.

Jumatano, 13 Novemba

Zahanati wamemsafisha, wamemfunga, wamemwambia asikanyage maji wala tope. Muuguzi alimkaripia kwa kuacha vidonge, akasema ni sukari iliyoua hisia za miguu na vidole. Nthiga aliitikia kila kitu kama mtoto wa shule. Akimaliza wiki, arudi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimezunguka kurekebisha nilichoharibu. Runyenjes, Karurumo, hadi huku Ishiara, kila mwenye gari ninayemjua nimemwambia: ile krosi niliyonunua ndiyo ilikuwa mbovu, fundi hana makosa, mimi ndiye nina mdomo. Ni uongo, nami nimeusema vizuri. Wengine walicheka, wakasema walijua tu.

Jumatano, 20 Novemba

Wateja wamerudi. Nilipita Karurumo nikakuta pikapu mbili na trekta. Moyo wangu ulifurahi, halafu nikamwona Nthiga amevaa gumbuti, amesimama kwenye tope la gereji hadi kifundoni.

"Ulikatazwa!"

"Gumbuti haiingii maji. Na watu wamekuja, niwafukuze?"

Lydiah alikuwa amechuchumaa kando yake, leso imefungwa kiunoni, mikono myeusi kwa grisi. Nthiga alimpa kikombe cha krosi. Akatia kidole ndani, akazungusha polepole, macho amefumba.

"Zimesimama zote?"

"Zote, Baba Gedion."

"Hakuna imelala?"

"Hakuna."

Ndipo akaifunga. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu nilipowaletea wateja. Nilitaka kumfokea avue gumbuti aende nyumbani, lakini sikuwa nimemwona na uso ule wa furaha kwa muda mrefu. Niliondoka bila kumfokea.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua, mvua. Daraja la chini limejaa, sikwenda Timau.

Jumatatu, 25 Novemba

Lydiah amepiga simu asubuhi akilia. Nimewakuta sebuleni, madirisha wazi yote, na bado harufu haikutoka. Ndani ya ile gumbuti kulikuwa na maji ya siku nyingi. Kidonda kimepanda, vidole viwili vimekuwa vyeusi, na mstari mwekundu unakimbilia juu ya kifundo.

"Haiumi," Nthiga aliendelea kusema. "Ingekuwa mbaya ingeuma. Si ndiyo?"

Nimempakia kwenye Landrova na kumpeleka Embu. Gari lilikwenda laini kabisa. Ile kazi yake ya mwisho kwenye gari hili, propela ya mbele, aliifanya vizuri.

Jumatano, 27 Novemba. Embu

Wametoa vidole viwili. Sukari yake imekataa kushuka.

Jumapili, 1 Desemba

Daktari, mama mmoja asiyependa kuzunguka maneno, alituita. Uozo umefika kwenye mfupa. Wakate chini ya goti, au wamwache, na wakimwacha hatafika Krismasi. Akaweka karatasi ya kusaini kitandani akatoka.

Nthiga alikataa. Alikataa asubuhi, alikataa Lydiah alipopiga magoti, alikataa mchungaji alipokuja na Biblia. "Kitu haiumi inakatwaje?" Mchana Lydiah akatoka nje kulia, tukabaki wawili. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi na yote yaliniisha.

"Propela ya mbele ikifa," nikamwambia, "huwa unawaambia watu nini?"

Alinitazama kwa ukali. Alijua ninakokwenda. "Itolewe. Gari itaenda na ya nyuma."

"Basi."

"Na ikifika kwa tope?"

"Tutasukuma."

"Wewe? Na huo mgongo?"

"Mimi na Lydiah. Tutasukuma, Nthiga."

Aligeukia ukutani. Niliona mabega yake yakitikisika na sikumgusa, kwa sababu hajawahi kupenda kuguswa akilia, tangu utotoni. Baadaye alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaomba kalamu. Vidole havikuishika vizuri. Nilivifunga kwa vyangu mpaka akamaliza kuandika jina.

Nimekaa kwenye gari nje ya hospitali nikiandika haya. Ni mimi niliyewarudisha wale wateja. Hakuna aliyenilaumu, na Lydiah amenishukuru mara mbili kwa kuwa karibu. Afadhali angenilaumu.

Jumanne, 3 Desemba

Wamekata.

Alhamisi, 12 Desemba. Ishiara

Sikukuu ya Jamhuri. Mvua imekatika. Ndengu zimeanza kubadilika rangi, na mwaka huu zimebeba sana kila mahali. Nilipalilia peke yangu nusu siku, nikakaa chini katikati ya mistari, nikashindwa kuinuka kwa muda.

Gereji imefungwa. Mtu ameshaanza kuulizia ile nafasi.

Jumatano, 18 Desemba

Leo tumemrudisha nyumbani. Lydiah alikaa nyuma na magongo, Nthiga mbele kando yangu, mguu wa suruali wa kushoto umekunjwa na kubanwa kwa pini. Amekonda. Aliangalia mashamba na kutaja ya nani na ya nani, sauti yake ya kawaida, na nikaanza kufikiri labda tutaweza.

Tulipopita Runyenjes akakamata dashibodi.

"Simamisha."

"Unataka kutapika?"

"Mguu unauma."

Niliegesha kando, nikautazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa kwenye kiatu chake, salama.

"Si huo," akasema.

Lydiah alisogea mbele. Nthiga alikuwa anatoka jasho, anatazama kapeti pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Vidole vimejikunja. Vinawaka. Vyote vitano, Wanjira, hata vile viwili. Mwaka mzima sikuvisikia. Sasa ndiyo navisikia."

Nilishuka, nikazunguka, nikafungua mlango wake na kupiga goti barabarani. Sikujua nafanya nini.

"Ni wapi?"

"Hapo. Chini kidogo. Hapo."

Nikaweka mikono pale.

"Watu wataona," akasema. "Watasema tumechizi."

"Waseme."

Nikakanda. Pikipiki zilipita, zikapunguza mwendo, zikaenda. Lydiah alikuwa amemshika mabega kutoka nyuma. Nilikanda pale hewani, kidole kwa kidole, mpaka akasema inatosha.